Chagulaga, na Mlango wa Kutokea

Ndugu msomaji, lipo neno moja la Kisukuma ambalo hata wasiojua Kisukuma wamelisikia: chagulaga. Maana yake ni "chagua". Ukilisikia hivi hivi ni neno tamu. Anayeambiwa achague amepewa heshima. Ameonekana ni mtu mwenye akili yake na moyo wake. Lakini waulize wasichana waliokulia vijijini, iwe Itilima, Meatu, Maswa au huku kwetu Bariadi, neno hilo husemwa wapi, na nani, na saa ngapi. Watakwambia husemwa jioni watu wakitoka mnadani, au usiku wa ngoma, au kwenye harusi ya jirani. Husemwa na vijana watano, sita, pengine kumi, waliomzingira msichana mmoja. "Chagulaga, mayu!" Chagua mmoja wetu, mama. Na mpaka achague, hana pa kupita.

Swali langu ni fupi, ila limenisumbua siku nyingi. Je, mtu aliyezingirwa tunaweza kusema amechagua? Na hilo linazaa la pili: sisi vijana wa leo tunaopenda kuzipamba harusi zetu kwa mila, je, tunaweza kuchukua rangi za mila tukaacha uzito wake, au vyote viwili huja pamoja?

Mimi si mwanafalsafa. Nilimaliza kidato cha nne, basi. Mchana nakula kwa cherehani; usiku naandika riwaya ambayo bado haijapata mwisho, kwa sababu mhusika wangu wa kike anaolewa, na mimi sijajua kama amependa au amechoka tu kukataa. Kwa hiyo jambo hili nalitazama kwa jicho la fundi aliyeshona nguo za harusi, na kwa jicho la mtu anayetafuta sababu ya binti kusema "ndiyo".

Huku kwetu harusi hufuata pamba. Mbegu huingia ardhini na mvua za Novemba na Desemba, ununuzi hufunguliwa kuanzia Mei, na fedha ikishafika mikononi, basi kila Jumamosi ni matarumbeta juu ya gari la wazi, mji mzima unajua nani kaoa. Mwaka 2023 zamu ilimfikia rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Bwana harusi alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Nguo za ukumbini nilipewa mimi.

Jamani, harusi ile ilikuwa na rangi! Kanisani alivaa gauni jeupe na shela kama kawaida, lakini jioni walitaka Usukuma. Bibi harusi nilimshonea kitenge cha bluu chenye mistari ya njano, kichwani na shingoni shanga nyeupe na nyekundu. Bwana harusi shati la kitenge kile kile, na usinga mkononi kama mtemi. Wapambe nikawavika rangi ya chungwa. Ukutani zikatundikwa nyungo na vibuyu. Vijana wa bugobogobo wakatafutwa, wale wanaocheza huku wakizungusha na kurusha majembe kwa mdundo wa ngoma kubwa. Ngoma ile asili yake ni shambani, watu wakilima pamoja; humo ukumbini hapakuwa na hata tuta moja, ila sakafu ya vigae.

Wapo watakaocheka hapo. Watasema: huo ni Usukuma wa kupiga picha. Jembe bila shamba, usinga bila utemi, maana utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mimi sicheki. Fundi hujifunza kitu kimoja kuhusu nguo: hakuna iliyozaliwa hapa. Kitenge ninachokiita cha kwetu kilianzia kwa Waholanzi, ambao katika karne ya 19 waliiga kwa mashine batiki za Java, kisha wakazileta Afrika. Shanga za kioo zililetwa bara na misafara ya biashara kutoka pwani, nyingine zikiwa zimetengenezwa mbali kabisa, huko Venice. Bibi zetu walizipokea, wakazipanga wanavyotaka wao, wakazipa majina, zikawa za Kisukuma. Hata pamba yenyewe, ambayo leo huwezi kuitaja Bariadi bila kuitaja, ilisukumwa na wakoloni. Kitu kinakuwa chetu tunapokitumia kwa hiari na kukipa maana. Kwa hiyo sioni aibu ya jembe kuingia ukumbini. Mashaka yangu yako mahali pengine.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli, asiyejua alikotoka humfuata yeyote anayemvuta mkono. Lakini methali hiyo haijatuambia habari za mtu anayeifuata mila kwa kuwa kazuiwa njia. Huyo naye tumwite nani?

Kamati ya harusi ilikaa vikao kila Jumapili chini ya mwembe. Habari za kadi za mchango, za singo na dabo, sina haja ya kukueleza. Bila shaka hata wewe umeshachangishwa. Katika kikao kimoja mjumbe, kijana mwenye maneno mengi, akatoa wazo. Bibi harusi akiingia ukumbini azingirwe na vijana sita wenye fimbo, wamwimbie chagulaga, naye azunguke, azunguke, mwisho amshike mkono bwana harusi. Hapo vigelegele, hapo picha. Kikao kizima kikapiga makofi. Katibu akaandika.

Habari ilipomfikia bibi harusi alikuwa kwangu, nampima kiuno. Akasema neno moja: "Sitaki." Mjumbe aliyetumwa akamuuliza kama anaionea haya mila yake. Akajibu kwamba haya hana, ila anaijua. Ndipo akatueleza, polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Alipokuwa darasa la saba alizingirwa kweli, njiani akitoka kisimani. Walikuwa saba. Wakamwambia achague. Akasema hataki yeyote. Wakasema hilo si jibu. Akakaa katikati yao na ndoo yake mpaka giza likaanza kuingia. Kilichomtoa ni mama mmoja mpita njia aliyepiga kelele na kuwataja vijana wale kwa majina ya baba zao. "Siku ile," akasema, "hakuna aliyekuja na kamera."

Kesho yake alituma ujumbe mwingine kwa kamati. Alikuwa amefikiri usiku kucha. Atacheza, lakini mduara usifungwe. Upande mmoja uachwe wazi, upana wa mtu kupita.

Kikao kilichofuata kiliisha kwa ubishi. Mjumbe mmoja mtu mzima alisema: "Ukiacha wazi, hiyo si chagulaga tena." Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Pengine bila kukusudia, mzee yule alikuwa amelieleza jambo zima. Kama mchezo unaitwa "chagua", na mchezo huo hauwezi kuchezwa mchezaji akiwa na pa kutokea, basi jina lake si lake. Tumeliazima neno zuri tukalibandika kwenye kitu kingine.

Lakini haki lazima itendeke pande zote. Bibi mzaa mama wa bibi harusi, ambaye alikuwa amekuja kutoka kijijini mwezi mzima kabla, alinipa hoja ambayo sikuweza kuijibu papo hapo. Nilimpelekea chai, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, akaniambia nikae. "Mjukuu wangu," akasema, "ninyi mnasema chagulaga ni mbaya. Mimi nilipokuwa msichana, baba ndiye aliyesema nitaolewa na nani. Aliongea na wazee wenzake, ng'ombe wakaja, nikaambiwa. Chagulaga ndiyo mahali pekee nilipowahi kuulizwa mimi, kwa mdomo wangu, yupi. Hata kama nilizingirwa, niliulizwa."

Hoja hiyo tusiirukie. Kwa msichana ambaye nyumbani haulizwi kitu, kuulizwa ndani ya mduara kunaweza kuonekana ni hatua. Na bibi aliongeza kwamba zamani vijana walikuwa na viongozi wao, basumba batale, na aliyevuka mpaka alitozwa. Sina sababu ya kumbishia. Hata hivyo, kitu kuwa na nafuu kuliko kingine hakukifanyi kuwa chema. Aliyefungwa kamba mikono miwili akifunguliwa mmoja atashukuru, naye ana haki ya kushukuru, lakini bado hajawa huru.

Msomi wa kijiweni aliniambia jambo jingine, na hili ni gumu zaidi. Alisema: "Wewe dada, hakuna anayechagua bila mipaka. Hata huyo bwana harusi hakuchagua kati ya wanawake wote wa dunia. Alichagua kati ya aliowaona. Basi mduara wa vijana sita una tofauti gani na mduara wa mji wa Bariadi?"

Nilirudi kwenye cherehani nikiwa nalo kichwani. Jibu nililipata sokoni. Mtu akienda gulioni na shilingi elfu kumi mfukoni, ana mipaka. Kuna vitambaa hawezi kuvinunua, na kuna vitambaa havikuletwa siku hiyo. Lakini anaweza kupita kila meza, akashika, akauliza bei, akarudi nyumbani na elfu kumi yake. Hakuna atakayesema hakuwa huru. Sasa chukua soko hilo hilo, weka vitambaa mara mia zaidi, ila wauzaji wafunge njia na kumwambia hatoki mpaka anunue. Bidhaa zimeongezeka, lakini uhuru umekwisha. Kwa maoni yangu tofauti iko hapo. Wingi wa vya kuchagua haunihusu sana. Kinachonihusu ni kama naweza kusema "hapana" kwa vyote, nikaenda zangu, na kesho nikasalimiwa kama jana.

Na hilo ndilo lililowafikisha hawa wawili kwenye ndoa. Hebu nikusimulie kidogo, maana insha ya harusi bila mapenzi ni pilau bila nyama.

Rafiki yangu alikuwa akiuza maandazi na chai karibu na kituo kile cha pamba. Msimu ulipoanza, wakulima wanapanga foleni na marobota yao tangu alfajiri, biashara inakwenda. Karani wa mizani alikuwa akinywa chai hapo. Siku moja akamwambia kwamba anampenda. Hakuzunguka. Rafiki yangu akamjibu, "Hapana, kaka." Huku kwetu, na nadhani hata kwenu, msichana akisema hapana mwanamume huhesabu kwamba mchezo ndiyo kwanza umeanza. Atatuma wenzake, atamvizia njiani, ataambiwa na watu kwamba mwanamume ni kukomaa. Hadithi nyingi za mapenzi tunazosoma na filamu tunazoangalia zimejengwa juu ya imani hiyo: hapana ya mwanamke ni mlango uliorudishwa tu, usukume.

Huyu alisema, "Sawa." Akalipa chai yake. Kesho yake akaja tena, akanywa chai, akasalimia kama kawaida, hakununa, hakurudia. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. "Nilianza kumwangalia," rafiki yangu aliniambia. "Nilikuwa nasubiri anisumbue ili nimchukie, naye hanisumbui. Nikaona huyu mtu nikimkatalia jambo hata baada ya miaka kumi, sitaogopa." Basi ni yeye aliyemwita mwezi wa pili na kumwambia kama bado ana neno lake, alirudie.

Msomaji wangu, sijaona maelezo ya mapenzi yaliyonigusa kuliko hayo. Alimpenda kwa jinsi alivyoipokea hapana. Na ukifikiri vizuri utaona kwamba hata kwa bwana harusi kuna faida. Ile "ndiyo" aliyoipata ni ya kwake kweli. Waliomzingira yule mtoto wa darasa la saba, hata kama angeshika mkono wa mmoja wao, yule mmoja angepata nini? Angepata mkono. Asingejua kamwe kama alipendwa, au kama alionekana mwenye nafuu katika saba. Mduara humnyang'anya na yule aliyeuchora.

Sasa wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kizungu, ya semina na mashirika. Nami nasema, la hasha, twende kwenye mila yenyewe. Kila Msukuma anajua habari za Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma, vilivyoanzishwa na waganga wawili wapinzani, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Mpaka leo, kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, pande hizi mbili hushindana. Na zinashindana vipi? Hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na watazamaji huenda wanakotaka. Upande uliovuta watu wengi ndio mshindi. Kwa sababu hiyo manju hutunga nyimbo mpya, huleta mbinu mpya, wengine huleta nyoka, wengine madubwana ya kuchonga, wengine dawa za mvuto. Wote wanamwogopa mtazamaji, kwa kuwa mtazamaji ana miguu. Ngoma ikimchosha anavuka uwanja, na hakuna wa kumkamata.

Hiyo pia ni mila ya Kisukuma, tena ya fahari kuliko zote. Babu zetu walijenga mashindano yao makubwa juu ya hiari ya mtu kuondoka. Hawakuwafungia watu uwanjani kisha wakajisifu kwamba wamejaa. Kwa nini basi mtazamaji wa mbina apewe heshima ambayo msichana njiani ananyimwa? Bibi harusi alipoomba upande mmoja uwe wazi hakuiga Ulaya. Aliichukua sheria ya uwanja wa mbina akaileta ndani ya chagulaga. Mila moja ilikuwa inaisahihisha nyingine, na hivyo ndivyo mila zinavyoishi.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba mduara wa fimbo ndio wa pekee. Mwingine ni wa ng'ombe. Mahari ya kwetu ni mifugo, na huku thamani ya binti imewahi kupimwa hata kwa rangi ya ngozi. Mweupe hutajiwa ng'ombe wengi kuliko mweusi, kama kwamba Mungu alichapa bei usoni. Tunazungumza habari za rangi za harusi, basi na rangi hiyo tuitaje. Sikatai mahari. Familia mbili kukaa pamoja, kuulizana, kupeana, ni jambo jema. Lakini ng'ombe wale kwa mila hudaiwa ndoa ikivunjika, na baba aliyekwisha kuwaozea watoto wa kiume kwa ng'ombe hao hao atamwambia nini binti yake akirudi nyumbani na jicho limevimba? Mara nyingi atamwambia, "Rudi, mwanangu, vumilia." Tayari kazingirwa, safari hii na zizi.

Sheria ya nchi imelijua jambo hili tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari, na inasema ndoa haiwi batili kwa sababu mahari haikutolewa. Lakini sheria hiyo hiyo ilimruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa kuwa na 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hiari ya mtoto wa miaka 15 inayotamkwa na baba yake ni neno chagulaga kwa lugha ya serikali.

Mwaka huo huo wa 1971 ulitoka Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani. Wengi wanaikumbuka kama riwaya ya msichana aliyeharibika. Mimi naisoma kama riwaya ya msichana ambaye hakuwahi kufundishwa kuchagua. Baba yake alimpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Alikatazwa kila kitu. Hapana zote zilisemwa na baba, hakubakiwa na hata moja ya kusema mwenyewe. Alipotoka nje ya boma lile hakujua kukataa. Na kutoka kisiwa hicho hicho alitokea Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kitabu chake kikubwa cha Myombekere na Bugonoka, ambacho kwa Kiswahili kilitoka mwaka 1980. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake, kwa kuwa ndugu za mumewe wanamsimanga kwa kukosa mtoto. Myombekere hatafuti mke mwingine. Anakwenda ukweni, anaomba, anatozwa pombe ya ndizi, anakubali. Kwa mtu wa zamani vile, asiyejua kicheni pati wala sendofu, naona mapenzi makubwa. Hakumpokonya mkewe. Alikwenda kwa miguu yake kuomba wamrudishie.

Nimewataja hawa ili wenzangu tunaoandika tujue kwamba swali hili tumelirithi. Sisi vijana wa kalamu tunapenda kumaliza hadithi kwa harusi. Tukiweka keki na ndafu na matarumbeta tunadhani tumemaliza. Lakini msomaji ana haki ya kutuuliza: huyu msichana angeweza kuondoka? Ukurasa gani unaonyesha hivyo?

Na mduara wa ukumbini uliishia vipi? Kamati iligawanyika, mwisho mwenyekiti akasema harusi ni ya wenye harusi. Vijana sita wakaingia na fimbo zao, wakaimba, wakazunguka, na upande wa mlango wakaacha nafasi. Bibi harusi akazunguka mara moja. Akafika kwenye nafasi ile. Akasimama, akatazama nje. Ngoma ikaendelea, ila watu walinyamaza, hata MC alinyamaza, na huyo hanyamazi. Nilimtazama bwana harusi. Alikuwa amesimama na usinga wake, hakusogea, jasho linamtoka. Pengine ni mchezo, lakini kwa muda ule mfupi hakuna aliyekuwa na uhakika. Kisha akageuka, akamwendea, akamshika mkono. Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia kwenye harusi nyingine. Bibi yake, aliyekuwa ameketi mbele, alicheka huku akijifuta machozi kwa pembe ya khanga. Sikumuuliza anacheka nini.

Sisemi kwamba mlango ule umewamaliza wasichana wote matatizo. Mchezo wa ukumbini ni mchezo. Barabarani kutoka mnadani mduara bado unafungwa, na yupo mtoto wa darasa la saba jioni ya leo anayerudi kisimani kwa hofu. Kwake yeye tunahitaji watu wazima wa kupiga kelele, kama yule mama mpita njia, na walimu, na viongozi wa vijiji, na kaka zetu ambao wakiitwa kwenda kuzingira waseme hawaendi. Hao wa mwisho ndio muhimu kuliko wote, kwa sababu mduara haufungwi na mtu mmoja. Wakikosekana wawili tu, pa kupita papo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili ni hili. Rangi za mila tuzichukue, na uzito wake pia tuuchukue, maana hauachiki. Anayesema anachukua rangi tu anadanganya. Lakini anayebeba uzito ana haki ya kuupanga upya kichwani, kama anavyopanga mzigo wa kuni, ili usimvunje shingo. Rafiki yangu alifanya hivyo kwa nafasi ya upana wa mtu mmoja. Hakuitupa chagulaga. Aliirudishia maana ya jina lake.

Pamba ya msimu ujao ikiuzwa, wengi wenu mtaoa na kuolewa. Njooni niwashonee, bei tutaelewana. Lakini kabla hamjaniletea kitenge, wewe kaka, kumbuka siku aliyokwambia hapana, na ulichofanya baada ya hapo. Na wewe dada, jiulize kama ungeweza kurudi nyumbani na elfu kumi yako. Kama jibu ni ndiyo, basi chezeni ngoma mpaka kuche. Na kama jibu ni hapana, cherehani yangu itasubiri. Harusi inaweza kuahirishwa, na kitambaa ambacho hakijakatwa bado hakijaharibika.